Mupira, kazi na kinena: maumivu ambayo wanaume wanafichaka

Leo sitaandika juu ya mushahara, wala juu ya primu ya usiku, wala juu ya magari yanayotubeba kama mifuko ya sima. Nitaandika juu ya mahali pamoja pa mwili ambapo wanaume wa kampo zetu hawapendi kupataja mbele ya watu: kinena. Ni pale juu ya paja, kwenye mukunjo, pale muguu unaungana na tumbo. Ba mama wanisamehe. Lakini wao ndio wa kwanza wanapashwa kusoma, na chini kidogo wataelewa juu ya nini.

Kuna mwenzetu mumoja, dereva wa damperi. Siku moja ya Mungu alitoka posti ya usiku, akalala kidogo, akakunywa chai, na muchana alikuwa tayari kwenye kiwanja na jezi mwilini. Walicheza na watu wa garaji, na munajua: kufungwa na garaji ni kuchekwa juma nzima mu gari ya wafanyakazi. Hakupasha mwili moto. Usiku muzima alikuwa amekaa kwenye kiti, magoti yamekunjwa. Sasa akatoka kwenye ile kiti akaingia moja kwa moja mu mupira. Dakika ya 20 hivi akanyoosha muguu upande ili akamate mupira uliokuwa unatoka inje. Akasikia kitu kimekatika ndani ya paja, juu kabisa, kama uzi.

Alikaa chini kidogo, wakamumwagia maji, akarudi kucheza. Kesho yake akaenda kazini. Kwa kupanda ngazi ya damperi alikuwa anainua muguu kwa mikono miwili, kama vile ni muguu wa mutu mwingine. Hakuambia kapita, hakuambia munganga wa kompani, hakuniambia hata mie delege wake. Aliogopa wasimutoe kwenye damperi na kumupeleka kufagia.

Nyumbani, bibi yake aliona mambo mengine. Aliona bwana anageukia ukuta usiku. Aliona anashikashika pale chini akizani hakuna anayemuangalia. Jirani mumoja, wale ambao hawakosekanaka, akamuambia: "Ule ameleta ugonjwa ya inje, ujichunge." Miezi mitatu walikaa hivyo ndani ya nyumba moja. Asubuhi moja yule mama alinikuta kwenye mulango wa ofisi ya sindika, analia: "Delege, uniambie kweli. Bwana yangu anaendaka wapi?" Nilizania anatafuta kujua mambo ya mushahara. Tulipomuita bwana, aliangalia viatu vyake mupaka nikafikiri hatajibu. Kisha akasema: "Ni mupira. Ya siku ile ya garaji."

Mie sikucheka. Nilipokuwa na miaka 26 niliumia palepale. Muuguzi mumoja alinichoma diklofenaki mara tatu ili nicheze nusu-fainali ya mashindano ya wafanyakazi. Nilicheza. Tukashinda hata. Kisha nikakaa mwaka muzima bila kuweza kukimbia hata kufuata basi. Ndiyo maana hii habari ninaijua kwa mwili kwanza, na kwa kusoma na kuuliza wanganga nyuma.

Nini iko ndani ya kinena

Pale mbele, chini ya tumbo, ukigusa unasikia mufupa mugumu. Ule mufupa ni kama nguzo iliyofungwa kamba pande mbili. Kutoka juu misuli ya tumbo inauvuta. Kutoka chini misuli mitano ya ndani ya paja inauvuta pia. Ni ile inayofunga miguu, inayorudisha muguu katikati. Ukipiga mupira kwa upande wa ndani wa muguu, ukigeuka kwa haraka, ukiteleza na miguu ikapanuka, kamba zote zinavuta mara moja. Kama za chini ni zembamba kuliko kazi inayoziomba, zinachanika, ama pale zinaposhikilia mufupa panaanza kuwaka kidogokidogo.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kuumia. Ya kwanza ni ya gafula: unasikia "tka", unajua siku na dakika. Ya pili inakuja kama mwizi. Asubuhi unakuwa mugumu, ukipasha moto inapotea, ukimaliza muchezo inarudi, kesho yake unashindwa kuvaa suruali ukisimama na muguu moja. Kisha unaumia ukikohoa, ukigeuka kitandani. Hii ya pili ndiyo wachezaji wetu wote wanaitaka pubalji, jina tulilopata kwa Kifaransa, na kila mutu anaitumia kwa kila maumivu ya pale.

Hata wanganga wenyewe walichanganyikiwa na majina. Kila inchi ilikuwa na yake. Mwaka wa 2014 wanganga 24 wa inchi 14 walikutana Doha, kule Qatar, ili wapatane. Walipatana kuita maumivu kwa jina la mahali yanapotoka: misuli ya ndani ya paja, musuli wa mbele unaoinua goti, njia ya chini ya tumbo ambako ngiri inapitaka, ama mufupa wa kinena wenyewe. Tena wakaweka pembeni nyonga, kwa sababu nyonga iliyoharibika inaweza kuumiza mbele kama vile ni kinena. Kwa wachezaji wa mupira, mara nyingi kosa linatoka kwenye misuli ya ndani ya paja, na zaidi kwenye ule musuli murefu unaosikika kama kamba ukipanua muguu.

Nataka mukumbuke Neymar. Tarehe 10 Februari 2021, PSG ilicheza na Caen kwenye Kombe la Ufaransa, akaumia musuli huo huo wa paja la kushoto. Kompani yake walisema majuma ine hivi. Alikosa mechi zote mbili na Barcelona. Alirudi kiwanjani tarehe 21 Machi kule Lyon, tena kwa kuingia katikati ya muchezo. Hesabu: siku 39. Huyu ni mutu mwenye wanganga wake, kine wake, chakula chake, kitanda chake, na hakuna kapita anayemungojea na posti ya usiku. Sasa wewe unataka kupona kwa siku inne juu ulipakwa mafuta?

Siku za kwanza

Kama ni ya gafula, toka inje ya kiwanja. Hata kama ni fainali. Mucheko wa watu wa garaji unapitaka.

Siku mbili za kwanza ni baridi, haiko moto. Kitambaa cha maji ya baridi ama barafu iliyofungwa mu kitambaa, dakika 15, mara kadha kwa siku. Maji ya moto, kukandwa kwa nguvu na mujomba mwenye vidole kama koleo, chale, pombe: vyote hivi vinaongeza damu kutoka ndani ya musuli uliochanika. Nilimuona kijana mumoja ambaye paja lake lilikuwa nyeusi mupaka kwenye goti kwa sababu walimukanda usiku ule ule. Unaweza kutembea kama kutembea hakuumizi. Unaweza kukunywa parasetamoli. Lakini sindano ya kuua maumivu ili ucheze kesho, hapana. Maumivu ni kama taa nyekundu ya kwenye damperi. Ukiikata waya, taa inazimika, moteri inaendelea kuungua.

Kuchanika kidogo kunaombaka majuma mawili ama matatu. Kuchanika kwa kati, majuma sita mupaka nane. Musuli ukingoka kabisa kwenye mufupa, hesabu miezi mitatu, na wakati mwingine ni kazi ya munganga wa upasuaji.

Kulala peke yake hakuponyeshi

Sasa ninafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Kwetu tunajua dawa mbili: kufanya kama hakuna kitu, ama kulala. Yule mwenzetu wa damperi, tulipomupeleka kwa munganga, alipewa majuma matatu ya kupumuzika. Akapumuzika. Maumivu yakaisha kabisa. Akarudi kwenye mupira, kwa nusu saa tu, maumivu yakarudi yote. Akaniambia: "Delege, nimerogwa."

Hakurogwa. Musuli uliolala unakuwa mwembamba zaidi. Ulichanika kwa sababu ulikuwa na nguvu kidogo. Sasa umepunguza tena, kisha unauomba kazi ileile. Ni kama galeri iliyoanguka: ukingoja mwezi moja bila kuweka miti ya kushikilia, kisha ukiingiza watu, itaanguka tena. Muda haujengi kitu. Miti ndiyo inajenga.

Munganga mumoja wa Denmark, Per Hölmich, alihakikisha hii na wenzake, na walitangaza kazi yao mwaka wa 1999. Walikamata wachezaji 68 waliokuwa na maumivu ya kinena ya siku nyingi, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa matunzo ya kulala mezani: mashine, kusuguliwa, kunyooshwa. Lingine lilipewa mazoezi ya nguvu, mara tatu kwa juma, kwa majuma 8 mupaka 12. Kati ya wale waliomaliza, kundi la mazoezi watu 23 walirudi kucheza kama zamani bila maumivu. Kundi la mezani: watu 4. Nilisoma hesabu hii mara mbili. Wine! Na wengi wetu tunauza hata redio ili tulipe kusuguliwa.

Tena, wale waliopona hawakupona kwa haraka. Wengi walihitaji kama miezi mine. Hakuna aliyedanganywa na majuma mawili.

Na mazoezi yenyewe hayaombi mali. Yanaomba mupira moja. La kwanza: lala mugongo chini, miguu imenyooka, mupira kati ya nyayo, bana mupira, hesabu sekunde 30, achilia, rudia mara 10. La pili: kunja magoti, nyayo chini, mupira kati ya magoti, bana vilevile sekunde 30, mara 10. Kisha yanakuja mazoezi ya tumbo, kusimama na muguu moja, kuvuta muguu ndani na inje kama unafagia. Unaanza polepole. Yule wa damperi siku ya kwanza hakufikisha sekunde 10, na jasho lilikuwa linatoka kama yuko mu shimo.

Ukitaka kujua kama unaenda muzuri, lala miguu imenyooka, mwenzako aweke mukono wake kati ya miguu yako pale chini, bana kwa nguvu yote sekunde 5, kisha sema maumivu kwa namba, 0 mupaka 10. Kati ya 0 na 2, taa ni kijani: unaweza kufanya mazoezi na mupira. Kati ya 3 na 5, ni manjano: punguza, angalia. Kutoka 6, nyekundu: hakuna mupira siku hiyo. Ni kama zile robo za barabarani za Lubumbashi, na tofauti ni kwamba hapa ukipita na nyekundu hakuna polisi wa kubishana naye, unajilipisha mwenyewe.

Kurudi kunafuata ngazi. Kwanza kukimbia mustari unaonyooka. Kisha kukimbia kwa kuzunguka. Kisha pasi fupi za ndani ya muguu. Kisha mashuti, kugeuka gafula, mwisho kabisa muchezo. Aliyeruka ngazi anarudi chini.

Na kwa wale wazima bado: kule Norvège walijaribu zoezi moja la watu wawili na ekipe 35 za mupira. Unalala ubavu, umejitegemeza na kiwiko, mwenzako anashika muguu wako wa juu, na wewe unajiinua kwa nguvu ya ule muguu, wa chini unapanda kuukuta. Mara tatu kwa juma kabla ya msimu, kisha mara moja kwa juma msimu ukianza. Hatari ya maumivu ya kinena ilishuka kwa 41 kwa mia. Dakika tano, bila chombo. Tunatumia dakika nyingi zaidi kubishana nani atavaa namba 10.

Haiko kila mara ni mupira

Hapa ninaomba musome polepole, kwa sababu kuna mambo ambayo mupira wa kubana hauponyeshi.

Kama pale kwenye mukunjo kunatoka uvimbe unapokohoa ama unapobeba kitu kizito, na unarudi ndani ukilala, hiyo ni ngiri, ile wengi wanaita mushipa. Sisi watu wa kubeba tunaijua, na wandugu wachimbaji wa mikono wenye kupandisha mifuko wanaijua kutupita. Inaombaka upasuaji, na upasuaji uliopangwa ni mwepesi. Lakini siku uvimbe unakataa kurudi, unakuwa mugumu, unauma sana, na mutu anaanza kutapika, hakuna kungoja asubuhi: lupitalo, usiku ule ule.

Kama kijana anashikwa gafula na maumivu makali kwenye korodani moja, hata kama alikuwa anacheza mupira, usimupake kitu. Inaweza kuwa imejizungusha na kukata damu yake. Wanganga wana masaa sita hivi ya kuiokoa. Watoto wa shule wanaonaka haya kusema, na haya ile imewapoteza wengi.

Damu ndani ya mukojo, homa, usaha, kuungua ukikojoa: hayo ni magonjwa mengine, yana vipimo vyake na dawa zake. Na mukimbiaji anayeumia kinena kila anapoweka muguu chini, mupaka anachechemea, aache kukimbia apigwe picha, kwa sababu mufupa wa shingo ya paja unaweza kuwa umeanza kupasuka.

Ba mama, sasa muliona. Bwana anayeshika kinena anaweza kuwa na moja kati ya mambo mengi, na la jirani yenu ni moja tu. Mumulete kwa munganga. Munganga ndiye atasema, haiko kibaraza.

Kazi na karatasi

Juu ya nini watu wanaficha? Haya ni nusu. Nusu ingine ni kontra. Kijana wa sutretansi mwenye kontra ya miezi mitatu anajua akileta karatasi ya munganga, mwezi wa ine hataitwa. Mie siwezi kumuambia asiogope, nitakuwa muongo. Lakini Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema ugonjwa unasimamisha kontra kwa muda, hauivunji, na tena mwenye kazi anapashwa kutoa matunzo ya munganga kwa mufanyakazi na jamaa yake. Anayeficha hana karatasi, na asiye na karatasi, siku anaanguka, delege wake hana kitu cha kuweka mezani. Nimekaa kwenye meza zile. Wanauliza jambo moja: "Iko wapi imeandikwa?"

Na kama uliumia ukivaa jezi ya kompani, kwenye mashindano ambayo kompani ilipanga, siku na saa ambayo mukubwa alikutuma? Mawazo yangu ni haya: andikisha siku ile ile, na majina ya walioona, kabla watu hawajaenda nyumbani. Kama ni ajali ya kazi ama hapana, tutabishana nyuma. Bila ile mistari mitatu hatutabishana hata.

Kuna jambo lingine la kuomba, nalo ni dogo: kazi nyepesi kwa muda. Mutu anayepona kinena anaweza kufanya kazi nyingi. Hawezi kupanda ngazi ya damperi mara 20, hawezi kutembea na bote mu matope yanayovuta muguu, hawezi kubeba. Munganga aandike kazi gani na majuma mangapi. Tuliomba hivyo kwa yule mwenzetu. Mara ya kwanza walikataa. Mara ya pili tulienda na karatasi ya munganga na ya kine, tukawaonyesha kwamba dereva aliye chini majuma kumi kwenye ofisi ya mizani ni bei rahisi kuliko dereva anayeanguka kwenye ngazi. Walimuweka kwenye mizani. Primu ya usiku aliikosa, na ile bado inaniuma.

Alifanya majuma 14. Kila jioni alibana mupira kwenye sakafu ya nyumba, watoto wanamuhesabia sekunde kwa sauti, na bibi yake ndiye aliweka mukono kati ya miguu yake kwa kipimo cha taa, siku ya tano ya kila juma, na kuandika namba nyuma ya kalendari ya mwaka uliopita. Ilianza na 7. Nimeiona ile kalendari: 7, 7, 5, 6, 4, 4, 3, kisha juma moja hakuna namba juu ya matanga, kisha 2.

Siku ya Mungu iliyopita alicheza nusu ya pili, na garaji. Tulifungwa 2 kwa 1. Alikuja akitembea vizuri, akapasha mwili moto robo saa yote wenzake wakimucheka, na kwa kutoka aliniuliza kama kompani inaweza kununua mipira mingine mitatu kwa chumba cha kuvalia. Barua nimeiandika. Inangoja sahihi.